Waraka wa Shaabani: Tusiisubiri Ramadhani Ituponye

Kwa ndugu na dada zangu wote mlio katika kupona, mlioko ndani ya soba, nyumba zetu za kupona, na mliokwisha kurudi majumbani, wa Unguja na Pemba, na wenzetu wa Tanga, Dar es Salaam na Mombasa watakaofikiwa na karatasi hii.

Assalaam alaykum. Wenzetu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo. Na wewe ambaye kwa sasa hujui umwite Mungu kwa jina gani, au mmegombana naye na hamjapatana, salamu hizi ni zako vilevile. Hatujawahi kumuuliza mtu dini yake mlangoni na hatutaanza leo.

Shaabani imeingia, na maneno yaleyale ya kila mwaka yameanza kusikika maskani na hata ndani ya mikutano yetu. Aliye nje anasema, "Ngoja Ramadhani ije, naacha." Aliye ndani anasema lake: "Ramadhani hii nitakuwa mtu mwingine kabisa, mtaniona." Nayasikia kutoka kwa watu ninaowapenda, ndiyo maana niliwaomba wenzangu wa huduma niandike mapema, kabla mwezi haujaandama. Nina neno moja tu la kuwaambia. Kupona kwetu kunalindwa siku kwa siku, kwa riziki ya roho ya siku ileile, na hakuna msimu, uwe mtukufu namna gani, utakaoifanya kazi hiyo badala yetu.

Siisemi vibaya Ramadhani. Kwa wengi wetu, siku ya kwanza kukaa tangu alfajiri hadi magharibi bila kete wala chupa ilikuwa siku ya Ramadhani. Mwezi ule unamshika mtu kwa mikono mingi: kuna daku, kuna futari, kuna tarawehe, kuna haya ya kuonekana mchana kweupe, kuna mama ambaye kwa mara ya kwanza mwaka mzima analala usingizi. Hata maskani hupoa. Mtu anabebwa na mji mzima, naye anadhani ni yeye anayetembea. Kisha mwezi wa Shawwal unaonekana, na mikono yote ile inamwachia kwa usiku mmoja.

Mnajua inavyokwenda. Sikukuu mosi yuko uwanjani anasali, kanzu mpya, anapeana mikono na wazee waliokuwa hawamjibu salamu. Sikukuu pili anapita Mnazi Mmoja na watoto wa dada yake. Sikukuu tatu hapokei simu. Tumezika wenzetu ndani ya Shawwal, na tulipokuwa tunarudi makaburini tulisikia watu wakisema, "Lakini alifunga vizuri mwaka huu." Ndiyo, alifunga, wala hakuwa mnafiki. Alifunga kwa moyo wake wote, ila hakuwa na kitu cha kufanya tarehe mbili Shawwal asubuhi.

Hapa lazima niseme jambo la mwili, kwa sababu ni la kufa na kupona. Mwili uliokaa wiki nne bila unga, yaani heroini, umesahau kuuhimili. Kipimo ambacho mtu alikuwa akikitumia mwezi wa Rajabu bila shida, akikirudia Shawwal kinaweza kumzima pumzi. Hilo hutokea kwa aliyetoka kufunga, kwa aliyetoka jela na kwa aliyetoka soba vilevile. Mwenzenu akiteleza, msimwache peke yake chumbani eti alale usingizi umwishe. Akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo ikabadilika rangi, akaitwa asiitike, hiyo ni hospitali, tena mbio. Na walevi wa pombe kali wasikilize: aliyekunywa kila siku kwa miaka asiikate ghafla peke yake usiku wa kuamkia mwezi mosi. Arosto ya unga, yale maumivu ya kuacha, inatesa, lakini arosto ya pombe inaweza kuleta kifafa na kuua. Aende kwa daktari kwanza. Kwenda kwa daktari hakupunguzi imani ya mtu hata chembe.

Sasa nirudi kwenye roho.

Wengi mmelisikia jina la Bill Wilson, mmoja wa waanzilishi wa AA (Alcoholics Anonymous), lakini si wote mnaojua mwaka wa 1935 ulivyokwenda kwake. Desemba 1934 alikuwa amelazwa katika hospitali ya Towns, New York, kwa sababu ya ulevi, na mle ndani likamfika tukio lililomgeuza. Aliona chumba kimejaa nuru na akahisi yuko mbele ya Mungu. Hakunywa tena mpaka alipokufa mwaka 1971. Mtu akilisikia hilo husema: ningepata nuru kama ile, hata mimi ningepona. Lakini yafuateni yaliyotokea baadaye. Mei 1935, miezi mitano tu baada ya nuru, alikuwa Akron, jimbo la Ohio, kwa shughuli ya biashara iliyokwenda mrama. Jumamosi moja akajikuta peke yake katika ukumbi wa hoteli iitwayo Mayflower, mfukoni karibu hana kitu. Upande mmoja wa ukumbi kulikuwa na baa, watu wanacheka. Upande mwingine kulikuwa na simu. Nuru ya Desemba haikumwondoa pale. Kilichomwondoa ni kutambua kwamba saa ileile alihitaji mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akampigia simu mchungaji mmoja asiyemjua, kisha akawapigia watu alioelekezwa na mchungaji yule, mpaka akampata mwanamke aitwaye Henrietta Seiberling, naye kesho yake akamkutanisha na daktari wa upasuaji, Robert Smith, tunayemwita Dr. Bob.

Huyu Dr. Bob ndiye anayenigusa zaidi, kwa sababu watu wa aina yake tumejaa humu visiwani. Alikuwa mtu wa dini. Kwa takriban miaka miwili na nusu alikuwa akihudhuria mikutano ya kikundi cha Kikristo kilichoitwa Oxford Group. Alisali, alisoma Biblia na vitabu vingine vya dini alivyoweza kuvipata, na bado alilewa usiku. Siku ile ya kukutanishwa na Bill alikubali kumpa mgeni robo saa tu. Walikaa zaidi ya saa sita. Alipokuja kueleza baadaye kwa nini sala za miaka yote ile hazikumshika, alisema alichokosa kilikuwa huduma: hakuwa amemtumikia mtu. Wiki chache baadaye aliteleza tena, alipokwenda kwenye mkutano wa madaktari huko Atlantic City. Glasi yake ya mwisho ilikuwa tarehe 10 Juni 1935, na ndiyo siku ambayo AA huihesabu kuwa mwanzo wake. Mwenyewe ameandika kwamba hamu ya pombe ilimkaa karibu kila siku kwa miaka mingine miwili na nusu. Aliishi nayo, akawahudumia walevi wengine, na akafa mwaka 1950 bila kuinywa tena.

Naomba mliangalie hili kwa utulivu. Mmoja alikuwa ameona nuru, na nuru haikumtosha kwa Jumamosi moja. Mwingine alikuwa na sala, na sala haikumtosha kwa usiku mmoja. Waliposhikwa, walishikwa na tendo la siku ile, kwa mtu wa siku ile. Na aliyekuwa na hamu kila siku hakuhesabiwa kuwa ameshindwa kiroho. Nasema hivi kwa ajili ya vijana mnaonijia baada ya mkutano mkiwa na huzuni: "Mbona bado naiota? Mbona nikipita kichochoro kile mwili unasisimka? Basi sala yangu haikubaliwi." Hapana, mwanangu. Mwili una kumbukumbu zake. Jiulize swali jingine: mwili uliposisimka, ulifanya nini na nani alijua?

Mafunzo ya dini zetu yanasema hivyohivyo, ndiyo maana nashangaa tunavyoyapita. Muislamu anayo hadithi ya Bibi Aisha, imo katika Bukhari na Muslim, kwamba amali anayoipenda zaidi Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu, hata ikiwa ndogo. Mkristo anacho kisa cha mana katika kitabu cha Kutoka: watu waliambiwa waokote ya siku ile, na walioificha ya jana waliikuta imeoza na ina mabuu. Ni siku ya kuandaa Sabato tu ndiyo waliyoruhusiwa kuokota ya siku mbili. Sijui maneno mengine yanayomhusu mraibu zaidi kuliko hayo. Sisi ni watu wa kuweka akiba ya jana. Tunasema: mwaka jana nilikwenda Umra, mwaka juzi niliombewa mpaka nikaanguka, mwezi uliopita nilitoa ushuhuda watu wakalia. Yote ni kweli, nayo yote ni ya jana.

Hapo ndipo zinapoingia hatua tatu za mwisho katika zile kumi na mbili za kupona: ya kumi, ya kumi na moja na ya kumi na mbili. Zimo katika kitabu kikubwa cha AA kilichochapishwa mwaka 1939, na wenzetu wa NA (Narcotics Anonymous) walipoanza California mwaka 1953 walizichukua na kuzielekeza kwenye uraibu wa kila namna. Tisa za mwanzo mtu anaweza kuzimaliza na kuzirudia anapohitaji. Hizi tatu hazina kumaliza. Kujihesabu kila siku na kukiri kosa mapema. Kumtafuta Mungu kwa sala na utulivu. Kumpelekea mwenzako ulichopata. Huo ndio mwendo wa maisha yaliyobaki, na kazi yake haifiki hata saa moja kwa siku.

Nianze na kujihesabu, maana ndiko tunakoteleza zaidi. Hili si geni kwetu. Masheikh wanaliita muhasaba, na Imam Ghazali ameliandikia kitabu kizima ndani ya Ihya. Wakatoliki wanalo katika mafundisho ya Mtakatifu Ignasi wa Loyola, kujichunguza dhamiri kila siku. Lakini mraibu ana ugonjwa wake katika jambo hili: akijihesabu, ama anajisamehe yote, ama anajichinja. Leo nilikuwa mtu safi. Au leo mimi ni takataka, sistahili kuishi. Yote mawili yanamrudisha maskani, la pili kwa haraka zaidi. Muhasaba wa kweli ni mdogo na una majina. Usiku, kabla ya kulala, jiulize: leo nimemdanganya nani, hata kwa jambo dogo? Nani ana kinyongo nami au mimi nina kinyongo naye? Nimeficha nini? Nani nimemfaa? Na ushukuru kwa jambo moja lililotokea leo, si kwa "kila kitu", maana anayeshukuru kwa kila kitu mara nyingi hajatazama chochote. Aandike anayejua kuandika. Asiyejua amweleze mwenziwe.

Kisha kesho yake alipe. Hapa ndipo ukuaji wa roho unapoonekana kwa macho, na mimi siamini ule usioonekana hapa. Chukueni mfano wa fundi bomba aliyepona, amerudi kazini. Mteja amempa fedha za vifaa, yeye amenunua bomba la bei ya chini na kuweka chenji mfukoni. Elfu tano tu. Hakutumia unga, hakunywa. Jioni anakuja mkutanoni anasema siku imekwenda vizuri. Lakini anajua. Kesho anamkwepa mteja yule, anabadilisha njia, na njia mpya inapita karibu na watu aliowaacha. Keshokutwa simu ya sponsa, mwenzake anayemwongoza katika kupona, inaita anaiangalia tu. Wiki ya tatu tunasema ameteleza, tunashangaa kimetokea nini. Ilitokea elfu tano. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwetu sisi ukuta huo tumeujenga mara nyingi kwa mikono iliyokuwa ikitetemeka. Angerudi siku ya pili asubuhi akasema, "Bwana, chenji yako hii hapa, niliikalia," pengine angefokewa. Kufokewa hakumuui mtu.

Ndiyo maana nasema ucha Mungu wa mraibu nauangalia kwenye fedha za watu, kwenye ulimi wake nyumbani na kwenye simu yake. Mtu anaweza kuwahi safu ya kwanza na nyumbani mkewe anaogopa kumuuliza alikuwa wapi. Anaweza kuongoza kwaya na watoto wake wakajificha anapoingia. Sisemi aache safu ya kwanza wala kwaya. Nasema saa mbili usiku nyumbani kwake ni sehemu ya ibada hiyohiyo.

Asubuhi nitapita haraka, maana haina mengi. Kabla hujashika simu, kabla habari za watu hazijakuingia kichwani, omba siku moja. Mwenye kuswali alfajiri abaki kwenye mswala dakika chache baada ya kutoa salamu, asiruke kama mtu aliyemaliza kulipa faini. Mkristo asome Zaburi moja kwa sauti yake mwenyewe. Aliyegombana na Mungu akae kimya tu, aseme ukweli anaoujua: peke yangu sikuweza. Kisha ampigie mtu simu au amwandikie neno. Basi.

Huyu aliyegombana na Mungu nataka nimtazame kidogo zaidi. Kwetu pwani si rahisi mtu kusema wazi kwamba haamini, au ameamini na moyo umevunjika. Wengine walifungwa minyororo kwa jina la tiba. Wengine walielezwa kwamba wana majini, wakatiwa moshi na kuchapwa, na arosto yao ikaitwa shetani anayelia. Wengine walianza unga baada ya kufanyiwa jambo utotoni na mtu aliyeheshimiwa, na kila wakisikia maneno ya dini wanamsikia yule. Na yuko anayependa msikiti kwa moyo wote lakini kila akiingia, watu wanavigeukia viatu vyao wakihofu wizi. Anakaa safu ya nyuma karibu na mlango, na nusu ya sala yake inakwisha katika kuona haya. Ndugu yangu, dada yangu, hatua zetu zinamtaja Mungu kwa kadiri kila mtu anavyomfahamu, na waliotutangulia waliweka neno hilo kwa ajili yako hasa. Huhitaji kumaliza ugomvi wako mwezi huu ili ukae safi leo. Unachohitaji ni kukubali kwamba iko nguvu iliyo kubwa kuliko wewe, na kama bado huioni mbinguni, ianze kwenye duara hili la viti vya plastiki. Kitabu cha AA kiliongezewa kiambatisho mwaka 1941 kwa sababu watu walikuwa wakidhani ni lazima nuru iwawakie kama ya Bill. Waandishi wakaeleza kwamba wengi hubadilika polepole, na mara nyingi jamaa ndio wanaoliona badiliko kabla ya mwenyewe. Kuhusu viatu, hilo ni letu sisi wengine. Ukimwona mwenzako yuko mlangoni, nenda kasimame karibu naye.

Akina dada, nanyi mna haki ya kulalamika juu yetu. Soba nyingi ni za wanaume. Mikutano yetu tumeiweka usiku, wakati mwanamke wa kwetu akitoka nyumbani saa hizo huulizwa maswali ambayo kaka yake haulizwi. Aibu aliyobebeshwa mwanamume mara moja, mwanamke anabebeshwa mara tatu, na Ramadhani anakuwa jikoni tangu alasiri hadi watu washibe. Tukimwambia "tenga muda wa utulivu," tunamwambia autoe wapi? Ninachokijua kutoka kwa dada zetu waliokaa muda mrefu ni kwamba wao wameifanya simu kuwa mkutano wao: wawili wawili, kila siku, kwa wakati uliokubaliwa, hata dakika tano mlango wa nyuma. Wanaume tuige badala ya kuwafundisha. Na kamati ikae ifikirie mkutano wa saa nne asubuhi, wenye mahali pa kuweka watoto.

Liko jambo linalotugawa na nataka nilisemee wazi. Wapo kati yetu wanaokunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, katika vituo vya Kidongo Chekundu, Muhimbili ambako huduma hiyo ilianza mwaka 2011, na vingine vilivyofuata. Wapo wanaowaambia kwamba hawajapona, wamebadilisha tu sumu, na kwamba mambo ya roho si yao mpaka waache. Mimi siwezi kukaa kimya mbele ya maneno hayo. Mtu anayeamka kila siku, akapanda daladala, akapanga foleni, akanywa dawa yake mbele ya muuguzi, akarudi kazini bila kuiba na bila kujidunga, ana nidhamu ya kila siku ambayo wengi wetu tunaihubiri tu. Tofauti za utaratibu wa mikutano, nani anaongoza na nani anasikiliza, kila kundi lina dhamiri yake. Lakini hakuna kundi lililopewa mamlaka ya kumwambia mtu kwamba Mungu hamsikii. Na kwenu mnaotumia dawa hiyo: msiikate kwa sababu ya saumu bila kuzungumza na daktari. Muulizeni daktari na sheikh pamoja. Mgonjwa ana ruhusa yake katika Qur'ani, na kuitumia ruhusa si udhaifu wa imani.

Wazee wa kupona, sasa nawageukia nyinyi, na mimi nimo humo. Mgeni wa wiki mbili anaogopa, na hofu inamlinda. Sisi tuliokaa miaka tumezoea kuitwa mfano. Tunaalikwa kuzungumza shuleni, tunapigwa picha na viongozi, tunakaa meza ya mbele. Taratibu tunakuwa watu wa kutoa na hatupokei. Ukimuuliza mmoja wetu sponsa wake ni nani, anataja jina la mtu ambaye hajazungumza naye tangu masika yaliyopita. Tunajua hatua zote kwa moyo na hatujajihesabu tangu lini. Bill Wilson mwenyewe, baada ya kukaa safi zaidi ya miaka ishirini, aliandika mwaka 1958 juu ya kazi iliyokuwa bado mbele yake, ya kuutuliza moyo wake uliokuwa umeelemewa na huzuni nzito kwa miaka, na kuacha kuwategemea watu wampe thamani. Mwanzilishi mwenyewe alikuwa bado anakua. Basi kijana asipotuona tukikua, atajifunza kwetu kwamba kupona ni kufika mahali na kukaa kitako. Nawaomba kila mmoja wetu, kabla ya Shaabani kwisha, awe na mtu mmoja anayemweleza hesabu ya siku yake bila kupunguza. Asiye naye asimame mkutanoni aseme hana. Tutamtafutia.

Ninachoomba kifanyike ni hiki. Tuanze sasa, siku hizi za kawaida ambazo hazina futari wala tarawehe, yale mambo machache: asubuhi dakika chache na simu moja, usiku hesabu yenye majina, kesho yake kulipa. Ramadhani itukute tayari tunafanya. Ukianza siku ya mwezi mosi, utaunganisha kazi hii na mwezi, na mwezi ukiondoka utaondoka nayo. Wakristo mtakaoanza Kwaresima, hesabu yenu ni hiyohiyo, na Pasaka yenu ina hatari zilezile za Idi yetu. Ukishindwa siku moja, usingoje Ijumaa wala Jumapili. Anza jioni ileile.

Kuhusu Ramadhani yenyewe: mkutano wa jioni utahamia baada ya tarawehe, na utakuwa mfupi ili watu wawahi kulala kabla ya daku. Wasiofunga, kwa dini au kwa ugonjwa, wana mkutano wao wa mchana kama kawaida, na asiwepo wa kuwauliza kwa nini. Futari ya pamoja ni kila Alhamisi. Mwenye tende alete tende, asiye na kitu aje na mikono yake, vyombo ni vingi.

Kuhusu Idi: mwaka huu hatufungi mlango hata siku moja. Mkutano utakuwepo sikukuu mosi, pili, tatu na nne, mahali petu pa kawaida, kuanzia alasiri. Kila mmoja atapangiwa mtu ambaye yeye atampigia asubuhi na mtu ambaye atampigia yeye usiku, kwa siku zote nne. Orodha itaanza kuandikwa mkutano ujao, kwa majina ya kwanza tu, na itakaa kwa katibu wa kundi. Asiyepokea simu mara mbili atafuatwa nyumbani na watu wawili, kwa upole, si kwa kumkamata. Walio Pemba na mashamba ambako mkutano uko mbali, tumeni ujumbe mapema tuwapangie wenza wa simu. Na yule ambaye ataisoma karatasi hii akiwa ameshateleza, yuko maskani sasa hivi, imemfikia kwa njia asiyoijua: viti vya alasiri vinamhusu na yeye, hahitaji kanzu mpya wala kungoja mwezi.

Ndimi mwenzenu katika kupona,
kwa niaba ya wahudumu wa kundi.